Chumba Kilichomo Jichoni

Kabla ya mteja kuketi, Nasra alivuta kiti mbali kidogo na ukuta, akanyoosha shuka jeupe lililoning'inia nyuma yake, kisha akaegemeza sinia la pilau kwenye kigoda ili lirudishe mwanga chini ya kidevu. Dirisha la sebule yake, pale Msamvu karibu na stendi ya mabasi, lilitazama milima. Asubuhi hiyo wingu zito lilikuwa limelala juu ya Uluguru, na kwa mpiga picha hakuna pazia zuri kuliko hilo. Mwanga uliingia mpole, bila kuchimba mikunjo ya uso.

Kupiga picha haikuwa kazi yake. Kazi yake ilikuwa kukata tiketi za mabasi stendi. Picha alijifunza mwenyewe siku za mapumziko, kwa kutazama video kwenye simu na kuharibu sura za majirani. Mwanzoni aliwaweka watu katikati kabisa, wamekodoa macho kwa mmweko wa kamera, mti umewaota kichwani. Alipojua kuhariri akazidisha, akalainisha ngozi mpaka nyuso zikatoka kama maandazi yasiyoiva, na Bi Anastasia wa duka la dawa akakataa katakata kwamba yule ni yeye. Polepole Nasra akashika. Akajua kumkalisha mtu ubavu kwa dirisha, kuyaweka macho juu kidogo ya nusu ya picha, na kuhakikisha kila jicho limepata chembe ya nuru, maana jicho lisilo na nuru humfanya mtu aonekane amekufa.

Tangu alipoipata chembe hiyo, ukiikuza picha uliona ndani yake chumba kimoja cha nyumbani kwa mwenye jicho, kile alichokifunga alipotoka. Kilionekana kama kilivyo wakati huohuo unapotazama. Kondakta Castory alionyeshwa jiko lake likiwaka na maharage yakianza kuungua. Akampigia simu mkewe, kisha yeye na Nasra wakamwona mama wa watu akiingia pichani kuepua sufuria. Bi Anastasia aliziona funguo zake zilizopotea, chini ya kabati. Wateja waliichukulia kama huduma, wakalalamika tu kwamba haifanyi kazi kwenye picha za pasipoti.

Mteja wa leo alikuwa Abdulmajid, muuza saruji na bati, aliyekuwa akigombea uenyekiti wa mtaa. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa wa Nasra, kwa hiyo kaka yake. Mwaka uliopita alimshusha mama yake, Bi Pili, kutoka Kinole, kijijini kwao milimani, aje kutibiwa mjini, na tangu hapo hakuna ndugu aliyemtia machoni. Nasra alikwenda mara nyingi. Alipewa chai na kuambiwa mama amelala. Ukoo mzima ulijua kwamba shamba la karafuu na mdalasini kule Kinole ni la upande wa kina mama, na haliuzwi bila alama ya kidole gumba cha Bi Pili. Nasra hakuwaza shamba. Bi Pili ndiye aliyemlea baada ya mama yake mzazi kufariki, na alimpenda sana. Alitaka kumtoa katika nyumba ile, basi.

“Shikamoo kaka.”

“Marahaba. Nataka nitoke kama mtu wa kuaminika.”

Akapiga ya kwanza, akaikuza kwenye kioo cha kamera. Jichoni kulikuwa na chumba cha giza, kitanda cha kamba, ndoo, na Bi Pili ameketi, mkono shavuni. Dirisha lilikuwa limepigiliwa bati jipya. Sauti ya Nasra ilibaki ya mpiga picha.

“Geuka kushoto kidogo, kaka.”

Akageuka. Katika picha ya pili chumba nacho kilikuwa kimegeuka, mlango ukaonekana. Haukuwa na kitasa upande wa ndani. Nasra akamwomba ashushe kidevu, na katika picha ya tatu ikaonekana sahani ya ugali mkavu sakafuni. Kisha akaliinua sinia, akaurusha mwanga wote usoni mwa Abdulmajid, akapiga tena. Mle ndani kulikuwa kumepambazuka. Bi Pili alikinga macho kwa kiganja, akakishusha taratibu, halafu akaunyooshea mwanga ule mikono yake miwili kama mtu anayeota moto. Vidole vyake vyote vilikuwa safi, bila wino.

“Mbona unanikalisha sana?” aliuliza Abdulmajid.

“Natafuta mwanga,” alisema Nasra, na akamkalisha pale mpaka shingo ikamuuma.

Kesho yake alipanda Kinole kwa Mjomba Yunusi, ambaye ndiye msemaji wa ukoo. Mjomba alivaa miwani, akaikuza picha, akaipitisha kwa waliokuwepo. Wote walikubaliana kwamba amekonda.

“Ndiye,” alisema Mjomba. “Lakini yumo ndani ya nyumba ya mwanawe. Hajapotea, mpwa wangu.”

Akamfungia ndizi mbivu za kurudi nazo. Mjini, katika ofisi ya serikali aliyoelekezwa, mtumishi mmoja aliisifu picha kwa kutulia kwake, akauliza kamera ni ya aina gani, kisha akamrudishia. Alimweleza kwa upole kwamba jicho ni la mwenyewe, na kilichomo ni mambo ya nyumbani kwake.

Abdulmajid alirudi kuchagua picha ya mabango yake. Nasra alikuwa amekwisha kuanza kuhariri, na alikuwa amejifunza jambo. Alipopunguza mwanga wa picha kwa bahati mbaya, alimwona Bi Pili akipapasa ukuta. Alipouongeza, Bi Pili alianza kusuka mkeka wake wa ukindu. Sasa kaka yake aliinama mbele ya kompyuta, akalikuza jicho kwa mkono wake mwenyewe.

“Umejifunza vizuri, mdogo wangu.”

“Asante kaka.”

“Hii nuru ya jichoni, ifute.”

Nje, basi la Dodoma lilipiga honi na kuondoka.

“Nikiifuta utaonekana maiti,” alisema Nasra. “Nani atampigia kura maiti?”

Abdulmajid alimtazama yeye, akaitazama picha, akarudi kumtazama yeye. Kidole chake kilikuwa kikigonga meza.

“Iache,” alisema mwishowe. “Watu wataangalia tabasamu. Ngozi ilainishe.”

Aliilainisha alivyotaka. Jichoni akaongeza mwanga mpaka hapakuwa na wa kuongeza.

Mabango yalibandikwa kila ukuta. Abiria waliosubiri mabasi waliyasogelea, wakamwona bibi, wakasema shikamoo, naye midomo yake ikaitikia marahaba. Wanawake wawili walisema angepewa sweta. Castory alisema mtu anayekaa na mama yake mzazi ndiye wa kupewa mtaa, akampigia kura, na hakuwa peke yake. Abdulmajid alishinda kwa mbali.

Kisha vijana wake wakayabandua mabango, likabaki moja lililosahaulika kwenye ukuta wa nyuma wa kibanda cha tiketi. Hapo ndipo Nasra, alasiri moja, alipoona kidole gumba cha Bi Pili kimejaa wino wa zambarau, ule wa mhuri. Aliumia mpaka akakaa chini kwenye vumbi. Haukupita muda Mjomba Yunusi alipiga simu kutoka Kinole kusema shamba limezungushiwa uzio wa bati, na mafundi wameunyoosha vizuri sana. Nasra alikwenda tena kwa Abdulmajid, akapewa chai. Mama alikuwa amelala.

Tangu hapo, kila jioni akishafunga dirisha la tiketi, hulitoa sinia kwenye mfuko, akalidaka jua la mwisho na kulielekeza kwenye jicho la bango. Bi Pili huvuta kigoda mpaka penye mwanga. Hutema mate kwenye kidole gumba, akakisugua kwa pindo la kanga, akakiinua kukitazama, akaanza tena. Nasra humwamkia, naye huitikia. Wakati mwingine abiria humwomba asogeze sinia lake, linawaumiza macho. Hulisogeza kidogo, bila kulipoteza jicho.