Mkia wa Jina

Agwang alisoma matangazo ya vifo redioni akiwa na kadi ya kliniki mkononi. Ilikuwa ya bintiye Akwi, ambaye sasa yuko sekondari na hana haja ya chanjo tena, lakini mama mtu hakukubali kuitupa. Aliilaza juu ya mstari, akaisogeza kidogo kidogo, na neno likajitokeza silabi baada ya silabi. Hivyo ndivyo baba yake, katekista, alivyomfundisha kusoma Biblia ya Kiateso, maana maneno ya Kiateso ni marefu na hayapendi kuharakishwa. Alipokutana na Kiswahili ukubwani, akakuta nacho ni vilevile.

Tom, mwenzake wa redioni kutoka upande wa Kenya, alimcheka kwa kadi hiyo. Yeye alifunzwa kusoma kwa Kiingereza tangu chekechea, na jicho lake lilizoea kulimeza neno zima kwa mara moja. Neno likiwa refu, alitazama kichwa akabahatisha mkia. Kwa habari za mpira haikudhuru. Lakini wanaume wa makabila ya huku mpakani, Mteso kwa Mjapadhola, majina yao mengi huanza na O, na anayesoma kichwa tu hajasoma kitu. Mwaka jana Tom alimtangaza marehemu mzee mmoja wa Busitema. Kesho yake mzee akapanda ngazi za redio kwa miguu yake mwenyewe, amevaa koti la kanisani, akataka afufuliwe hewani. Tangu siku hiyo meneja aliamuru vifo visomwe na Agwang peke yake.

Alhamisi moja asubuhi, lori la vitunguu lililobeba pia wachuuzi lilipinduka kwenye barabara ya Malaba. Obore, kitinda mimba wa kwao Agwang, alipanda lori hilo kila Alhamisi. Agwang alikuwa amempigia mara nne na simu imezimwa. Alijiambia kwamba simu ya Obore haijawahi kukaa na chaji. Zamu ni zamu, na saa saba mchana ilipofika aliketi mbele ya kipaza sauti kama kawaida.

Alikuwa katikati ya tangazo la mazishi Tom alipoingia na karatasi. Ilikuwa orodha kutoka polisi, imechapishwa dakika hiyo hiyo, na njiani Tom alikuwa ameisoma kwa namna yake. Aliiweka karatasi mezani, akamshika Agwang begani, kisha akanyoosha mkono kukivuta kipaza sauti kwake.

Agwang akaelewa. Lakini majina ya watoto wa watu hangemwachia Tom, hata leo. Akatikisa kichwa, akalaza kadi juu ya mstari wa kwanza.

Wa. Li. O. Akasita. Walionusurika huanza hivyo, na waliofariki huanza hivyo. Akasogeza kadi.

"Waliothibitishwa kufariki," akasoma.

Majina yalikuwa manne. La kwanza lilianza na O, akasogeza kadi, likawa Othieno. La pili lilikuwa Edimu. La tatu O tena, na lenyewe likawa Okurut. Angeweza kuiondoa kadi yote ajue mara moja, lakini mkono ulikataa. Chini ya kadi ile Obore alikuwa bado mzima.

La nne lilianza na O. Likafuata bo. Kinywa chake kilikuwa kimeshalitoa hewani, "Obo," na hapo kikagoma. Kutoka Lunyo hadi Kiyeyi watu walikuwa na bakuli za chakula mapajani, wakingoja jina limalizike. Tom aliangalia sakafu. Agwang akamwomba Mungu, akasogeza kadi.

"Oboth," alisema. "Oboth John Paul, wa Kiyeyi."

Si Obore. Pumzi iliyomkwama tangu asubuhi ikamtoka yote, na maneno ambayo hakuyaita yakatoka nayo. "Asante Yesu. Asante Yesu wangu."

Taa nyekundu ya hewani ilikuwa bado inawaka.

Tom aliruka akaweka wimbo wa kwaya. "Nisamehe, sista," akasema. "Niliona tu Obo, nikajua ni yeye." Agwang hakuwa hata na nafasi ya kumkasirikia. Alikuwa akilia na kucheka, amefunika uso kwa kadi ya mwanawe, na wala hakufikiria ni nani mwingine aliyekuwa akisikiliza.

Betty wa mapokezi akaingia na simu. Kuna mama wa Kiyeyi, alisema, anamtaka mwenye kusoma.

Nyuma ya sauti ya mama huyo kulikuwa na watu wengi, na vigelegele.

"Ni wewe umesoma? Mimi mama ya John Paul," alisema. "Redio nimefungua nimechelewa, majina imeshaanza. Lakini nimesikia umeita mtoto yangu, halafu umeshukuru Yesu. Hapa boma yote inafurahi. Sasa nauliza tu, mama, wamempeleka hospitali gani?"

Agwang alitafuta uongo wa kumpa, hata wa saa moja tu, asiupate.

"Mama," alisema, "kaa chini kwanza."

"Nimekaa."

Akairudisha kadi juu ya karatasi, akamsomea upya mstari ule wa kwanza, wa juu ya majina, polepole kuliko alivyowahi kusoma mstari wowote. Alipofika mwisho wake yule mama alikuwa amenyamaza, na nyuma yake vigelegele vilikuwa bado vinaendelea.