Alikuja na Kijiko

Habari kwamba mchezo wa Nathaniel unakwenda Amerika ilifika Kisesa asubuhi, na jua lilipokuwa utosini hakuna aliyekuwa hajaisikia. Redio iliisema, simu zikairusha, na mwenye duka la dawa akaitia chumvi, eti Mwanza nzima itapewa viza. *Mtemi Aliyeazima Mvua*, mchezo ule wa zamani uliofufuliwa Dar es Salaam mwaka jana na kujaza ukumbi miezi mfululizo, sasa unahamia Brodwei, huko New York ambako mwigizaji akishapanda jukwaa ndiyo kafika, hana tena pa kwenda. Watu walifurahi kwelikweli. Hata wasiojua jukwaa ni kitu gani walipongezana barabarani.

Getruda Malimi aliizima redio akarudi kwenye mchele wake aliokuwa akiupepeta.

"Mchezo wa Nathaniel," akasema peke yake. "Nyoo!"

Akasonya hadi kuku wakatawanyika. Na alikuwa na haki ya kusonya, tena asonye mpaka meno yaume, kwa sababu mchezo ule aliutunga yeye. Aliutunga katika nyumba hiyohiyo, ujanani, yeye na Nathaniel wakiwa katika kikundi kimoja cha maigizo pale mjini. Hadithi ilitoka kwa baba yake, mzee Malimi: mtemi mmoja anajisifu kwamba mvua kaileta yeye, kumbe kaileta mwanamke mwingine kabisa, na wanawake wa nchi wanamzunguka na kumwimba mpaka anainama na kucheza wimbo wa aibu yake mwenyewe. Getruda akaandika maneno, akatunga nyimbo, akafundisha ngoma. Nathaniel, kijana wa Muleba asiyejua Kisukuma hata cha kuombea maji, aliigiza Mtemi, na tuseme ukweli, aliigiza vizuri.

Kisha mzee Malimi akaugua. Getruda akabaki kumuuguza na baadaye kumzika, na huku nyuma Nathaniel akaupeleka mchezo Dar es Salaam. Ulirudi na sifa na jina moja tu, la Nathaniel. Getruda alipanda basi akamfuata, akamkuta mlangoni mwa ukumbi kazungukwa na wakubwa. Hata salamu hakuipokea vizuri. Aliwageukia wale wakubwa akacheka, akasema, "Huyu mama alikuwa anatupikia uji mazoezini."

Basi. Hayo tu. Wakubwa nao wakacheka, mlango ukafungwa. Na ubaya wa neno lile ni kwamba lilikuwa kweli: uji alikuwa anapika. Alipika uji, akatunga mchezo, na aliyebaki na mdomo mtamu ni mwingine. Tangu siku ile Getruda hakuonja uji wa mtu yeyote, wala wake mwenyewe, na kila aliposikia Nathaniel kapewa hiki kapewa kile, alisonya upya.

Sasa ajabu ya Mungu, juma lilelile gari jeupe likasimama uani kwake, akashuka Nathaniel mwenyewe, kanenepa, kanyoa kipara kinang'aa, mkononi ana mfuko wa sukari na doti ya khanga.

"Dada Getruda! Hodi humu! Bado hujazeeka tu?"

"Karibu, Nathaniel. Mimi nazeeka kwa zamu. Kaa."

Akakaa, akazunguka mbuyu weee, mara afya, mara mvua, mwishowe akatua. Nyimbo. Waitikiaji wake wa Dar walikuwa wanaimba Kisukuma cha kubahatisha, na mfadhili kakataa. Anataka vijana wa huku waimbao kwa ulimi wao, wafundishwe na mtu anayejua, kisha waonyeshe mara moja Mwanza kabla ya safari.

"Na huyo mfadhili ni nani?"

"Mama mmoja wa Kihindi, yupo New York miaka mingi. Daksha Jivraj. Mkali huyo, usione hivi."

Getruda aliinua macho. "Jivraj? Wale wa pamba, wa Magu?"

"Mambo ya pamba mimi siyajui, dada. Utanisaidia?"

Getruda aliivuta ile khanga akaikunjua. Moyoni alikuwa anasikia furaha mbaya, ile ya mtu aliyemtafuta panya miaka mingi halafu panya akaja mwenyewe kuomba mtego. Wale Jivraj aliwajua, nani asiyewajua? Wakulima wa Magu walipeleka pamba kwao, na watoto wao walikua wakicheza na watoto wa wakulima, wakigombana na kutukanana nao kwa Kisukuma kilekile. Nathaniel alikuwa amebeba sikio la Kisukuma kutoka New York mpaka Mwanza na mwenyewe hana habari.

"Nitakusaidia," akasema, "na khanga yako nzuri."

Majirani walimwona mjinga. Wengine walimwambia usoni: amekulia chako, leo unamtafunia na cha kesho? Getruda aliwajibu kwamba siku za mwizi ni arobaini, wampe nafasi azihesabu.

Kitu kimoja hakuwaambia. Wimbo ule mkubwa wa mwisho, ambao wanawake wanamzunguka Mtemi, ulikuwa na saini yake ndani. Manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma kwa Wasukuma, haandiki jina chini ya karatasi; anajiimba humohumo katikati ya wimbo, ili popote wimbo utakapokwenda na yeye awepo. Getruda aliimba *Ng'wana Malimi*, mtoto wa Malimi. Nathaniel aliiba wimbo na mwenye wimbo kwa pamoja bila kujua. Alisikia "Malimi", akakumbuka "kulima", na kule Dar maneno yalipoandikwa ukutani kwa ajili ya wageni, akaandikisha: *mwana wa mkulima*. Getruda aliiona video hiyo kwenye simu akacheka mpaka akakaa chini. Mkulima! Malimi ana kaburi lake nyuma ya nyumba, lina msalaba.

Na baada ya jina, manju huachiwa nafasi ya kumsema anayemsema. Nathaniel hakuwa na maneno ya kujaza hapo, kwa hiyo aliwaitikisha vijana wake "eeh, eeh" kama watu wanaobembeleza mtoto. Getruda aliijaza nafasi ile.

Kiongozi wa waitikiaji alikuwa Evelina, binti Msukuma wa Usagara, sauti yake ikitoka mtaa wa tatu unageuka. Siku Getruda alipomfundisha mistari mipya, binti aliimba mmoja, akaimba wa pili, wa tatu akaukatiza katikati.

"Mayu," akasema, maana alimwita mama kwa Kisukuma, "huyu si Mtemi wa kwenye mchezo."

"Kuna mtemi mwingine unamjua?"

"Mayu! Akijua, tunabaki hapa. Pasipoti zetu zote anazo yeye."

Hapo neno lilimchoma Getruda. Kusema kweli, alikuwa hajawafikiria. Katika kumchukia Nathaniel alikuwa amesahau kwamba vijana hawa walikuwa hawalali kwa kuiota Brodwei, kwamba mama wa huyu binti tayari ameshamwambia kila mtu kanisani. Aliona aibu. Lakini hasira yake ilikuwa kubwa kuliko aibu, na ya siku nyingi.

"Sikiliza," akasema. "Kabla ya onyesho hatajua, lugha hana. Baada ya onyesho, akitaka kulalamika itabidi atafsiri kwa mdomo wake. Umewahi kuona mwizi anakwenda kushitaki kwamba kaibiwa alichoiba? Ila sikulazimishi. Ukisema hapana, tutarudi kwenye eeh, eeh."

Evelina alijikuna kichwa. Kisha akacheka chini chini. "Nipe tena ule mstari wa kijiko."

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa kuanzia alasiri. Kisesa walikuja, Magu walikuja, akina mama na mabibi wamevaa vya sikukuu, na mbele kabisa alikaa Daksha Jivraj, mwanamke wa nywele nyeupe zilizokatwa fupi, kimya kama aliyekuja kununua ng'ombe. Getruda alisimama pembeni mwa jukwaa, nyuma ya pazia.

Nathaniel alitoka na ngozi yake ya chui ya kitambaa, akajisifia mvua, akatisha watu. Ukumbi ulimpenda. Kisha wanawake wakaingia, njuga miguuni, wakamzunguka, ngoma ikapanda. Evelina akatupa sauti juu: *Ng'wana Malimi* ndiye anayeimba, sikilizeni. Halafu ile nafasi ikafika, na kwa Kiswahili ni hivi:

*Mtemi wetu alikuja Kisesa na kijiko,*
*akaondoka na chungu.*
*Uji nilikoroga mimi, ngoma nilitunga mimi,*
*kalamba vyote viwili, kafuta mdomo.*
*Muulizeni maana ya anachokicheza!*

Loo! Ukumbi ulilipuka. Kwanza walicheka, maana Mtemi aliyejifunza kucheza bila kujua anachezea nini ni kichekesho. Kisha wale wa Kisesa wakaelewa anasemwa nani hasa, na vigelegele vikapasua bati. Bibi mmoja alisimama juu ya kiti akipaza sauti, "Mwambie huyo! Ludia! Ludia!" Evelina akarudia. Na Nathaniel, masikini ya Mungu, akadhani ni yeye kawakosha. Akapanua mikono, akainama, akacheza chini zaidi, kipara kinang'aa kwa jasho, anatabasamu kwa watu waliokuwa wanamzika.

Getruda hakuwa anamwangalia tena. Alikuwa anaangalia kiti cha mbele. Daksha Jivraj hakucheka. Alikuwa amevua miwani, amesogea mbele, na Evelina aliporudia wimbo, midomo yake ilisogea pamoja naye kwenye yale maneno mawili: *Ng'wana Malimi*.

Pazia lilipofungwa Nathaniel alimkimbilia Getruda akamkumbatia na jasho lake lote.

"Dada, umeniua! Umewaona? Uliweka nini pale?"

"Nilikuweka wewe," Getruda alisema. Akamtafsiria pale pale, mstari kwa mstari, taratibu, kama anayemlisha mgonjwa. Kijiko. Chungu. Uji. Nathaniel alimwachia mabega. Uso ulimshuka.

"Utakitoa kipande hicho," akasema. "Leo hii. Ama hao vijana wako wote wanabaki huku huku!"

"Kipande gani?" Daksha alikuwa kaingia. Nyuma yake waitikiaji walikuwa wamesimama na njuga zao.

"Pale mwisho, mama. Kumbe wametia matusi."

"Matusi gani? Nitafsirie."

Nathaniel alijifuta kipara. "Ni... mambo ya kienyeji tu. Kinaanza vizuri, mwana wa mkulima, halafu..."

"Bwana Nathaniel," Daksha alimkata, na Kiswahili chake kilikuwa cha Magu kabisa, hakijaguswa na New York, "mimi nimelelewa mgongoni kwa mama wa Kisukuma. Kutukana Kisukuma nilijua kabla ya kusoma. Malimi si mkulima, Malimi ni jina la mtu. Na mtu hajiimbi katika wimbo wa mwenzake. Nani hapa ni mtoto wa Malimi?"

"Ni mimi," Getruda akasema. Aliisikia sauti yake mwenyewe ikitoka imara, akafurahi.

Nathaniel akaruka. "Mama, usimsikilize! Huyu alikuwa tu anatupikia..."

Akakwama. Neno lililobaki lilikuwa uji, na uji sasa ulikuwa kwenye wimbo. Ukumbi mzima ulikuwa umeusikia. Nyuma kule binti mmoja wa waitikiaji alishindwa kujizuia, akaumalizia kwa sauti ndogo ya wimbo, *uji nilikoroga mimi*, na wenzake wakaziba midomo.

Daksha alisubiri amalize. Hakumaliza.

"Basi nimeelewa," akasema. "Mchezo utakwenda na jina la mtunzi wake, na yeye ndiye atakayeongoza nyimbo. Pasipoti za vijana naomba mkononi kwangu jioni hii. Kipande kile hakiguswi, hata neno. Ndicho kilichonifanya nivue miwani. Wewe ni Mtemi mzuri, sijaona mwingine kama wewe. Ukitaka kubaki nyumbani, nitamtafuta huyo mwingine. Ukitaka Brodwei, utakicheza kama ulivyokicheza leo, kila jioni."

Nathaniel alimtazama Getruda. Getruda alimtazama naye, wala hakushusha macho. Alijua jibu lake kabla hajalitoa, kwa sababu alimjua: mtu huyu angepita kwenye moto ili aone jina lake kwenye taa za New York, hata likiwa chini ya la mwingine.

"Nitakwenda," Nathaniel akasema.

Kesho yake asubuhi walikuwa mazoezini. Getruda alikaa kwenye kiti cha mbele, khanga mpya mabegani, ile ile aliyoletewa. Pembeni yake kulikuwa na kikombe cha uji aliokuja nao kutoka kwake, na alikuwa anaunywa. Ngoma ikapigwa, Evelina akaimba, Nathaniel akainama akacheza. Sasa alikuwa anajua maana ya kila neno, na shingo ilikuwa ngumu.

Getruda aliinua mkono, ngoma ikanyamaza.

"Jana ulishuka zaidi," akasema. "Chini, Nathaniel. Tena."