Madafu Kwenye Rejeta

Watoto wenziwe Kibibi pale Msambweni walihesabu moja, mbili, tatu, nne. Kibibi alihesabu moja, tatu, nne, mbili, kwa kuwa ndivyo alivyomsikia babake akihesabu huku akigonga usukani kwa kidole. Huo ndio utaratibu wa cheche katika injini ile ya silinda nne: ya kwanza ikishawaka hufuata ya tatu, kisha ya nne, na ya pili hufunga. Katika chuo cha Kurani alichapwa kwa hesabu hiyo, nyumbani akasifiwa. Hata alipokuwa mtu mzima, ameolewa na kuachika na kurudi kwao, aliweza kukaa uani akichambua mchele na kujua, gari lingali mbali, kwamba plagi ya tatu ina masizi.

Babake, Othman Kombe, alikuwa akiendesha teksi kati ya Msambweni na Likoni tangu siku za Mwingereza. Abiria hakuondoka kabla ya kusomewa nasaba ya gari.

"Silinda nne," Othman angesema. "Lita moja na nusu. Nguvu za farasi sitini na tano. Bloku ya chuma, kichwa cha aluminiamu. Hainywi oili, na haijapata kunilaza njiani."

Watu walichekea viganjani, lakini aliyekuwa na mgonjwa au bibi harusi alilitaka gari la Othman, si jingine.

Mwaka wa pili wa uhuru Othman aliamua kuliuza. Macho yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na nia ya kuhiji aliyoiweka tangu ujana ilikuwa haijatimia. Meli ya mahujaji ingeng'oa nanga Mombasa katika Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Gari likiuzwa kabla ya hapo, atapanda meli. Lisipouzwa, atabaki, na hakuna aliyejua kama mwaka utakaofuata macho yale yatamfikisha hata msikitini.

Mnunuzi alikuja katikati ya Mfungo Mosi. Aliitwa Chome, Mduruma wa Kombani, mfugaji mwenye mwili mpana na sauti ya kuitia ng'ombe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Bwana Chome. Mifugo haijambo?"

"Iliyobaki haijambo. Mingine nimeiuza ili nije kukuona wewe."

Othman aliwasha injini, akaweka kikombe cha kahawa juu ya boneti. Kahawa ilitetemeka kama uso wa mtu anayezuia kicheko, lakini haikumwagika. Chome aliinama, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha wakaondoka kulijaribu gari, Chome kwenye usukani, Othman kando yake, Kibibi kiti cha nyuma. Siku hizo Othman hakupanda gari bila Kibibi. Yeye ndiye aliyemwambia mbuzi wa barabarani wako upande gani.

Barabara ya kwenda Ukunda ni tambarare kama jamvi, na injini iliimba njia nzima. Walipofika Ukunda Chome alisimamisha gari kando ya maduka.

"Mzee, gari sina neno nalo. Nina swali moja tu. Kwetu barabara si hii. Nataka kupandisha watu kutoka Kombani hadi Kwale, wa kortini na wa hospitali. Ule ni mlima. Litaupanda?"

Othman alitazama mbele, ingawa mbele hapakuwa na kitu ambacho macho yake yangekiona.

"Lilishaupanda," alisema.

"Likafika?"

"Lilifika."

Yote yalikuwa kweli. Kibibi alingoja yafuatie mengine. Kwao muuzaji huitaja ila ya kitu chake, hata kasoro ndogo, kabla ya kupeana mkono, awe anauza kuku au shamba. Othman mwenyewe aliwahi kumrudishia mtu mbuzi wake mbele ya msikiti, kwa kuwa alifichwa kikohozi cha yule mnyama. Chome alishaanza kupapasa mfuko wa koti.

"Mwambie lilifika likinukia nini, baba," Kibibi alisema.

"Nyamaza, Kibibi."

Chome aligeuka nyuma. "Likinukia nini, dada?"

Basi akamweleza. Walikuwa wakipeleka harusi Kwale, gari limejaa wanawake na masanduku. Kwenye mlima injini ilichemka, na maji ya akiba yalikuwa yamekwisha. Rejeta, lile tangi la mbele linalopoza injini, lilikuwa kavu. Nyuma mlikuwa na madafu, zawadi ya wakwe. Othman aliyafua moja baada ya jingine na kuyamimina yote humo.

"Madafu?" Chome aliuliza.

"Madafu. Tuliingia Kwale tukinukia kama sufuria ya kashata. Sukari iliungua ikagandia ndani ya vile vijibomba, na fundi ameiosha asiweze kuimaliza. Kichwa cha injini nacho kilipinda kwa joto. Kilinyooshwa, lakini fundi alisema kikipinda tena kitapasuka. Huku chini upepo unatosha kuipoza. Mlimani hautoshi."

Chome alicheka hadi akaegemea usukani na honi ikalia. Wauza duka wakachungulia.

"Nyinyi watu wa pwani," alisema akijifuta macho. "Hata gari likija kwenu hulikaribisha kinywaji."

"Lilikuwa na kiu," Othman alisema kwa ukavu.

Chome aliacha kucheka. Aliizima injini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akashuka.

"Mzee, ningekuwa nakaa hapa Ukunda ningelichukua leo hii. Lakini mimi nitapakia wagonjwa. Siwezi kuwaambia wangoje mlimani nikitafuta maji." Alimwinamia Kibibi kidogo. "Ahsante, dada." Kisha akavuka barabara kwenda kungojea basi la Kombani.

Othman alihamia kwenye usukani. Walirudi polepole, moja, tatu, nne, mbili, injini haina kosa lolote. Wakapita minazi, wakapita shule.

"Umenifungia njia ya Makka," Othman alisema mwishowe.

"Kwa pesa zile ungesimama Arafa, baba?"

"Sikusema uongo."

"Hukusema."

"Nimekulea peke yangu tangu mamako afe. Leo umenivua nguo mbele ya mtu, honi ikalizwa, na watu wakatazama. Kesho Msambweni nzima itaniita Mzee Madafu."

"Itakuita."

"Basi niombe msamaha, yaishe."

"Mbuzi, kulia," Kibibi alisema.

Othman alikata usukani kushoto. Mbuzi wakapita.

"Nimesema niombe msamaha, Kibibi."

"Radhi yako naitaka, baba, na nitaitumikia mpaka unipe. Msamaha siombi."