Mkono wa Farhan

Farhan alikuwa akiuza nyama katika bucha moja Charambe, Mbagala, pamoja na Mwinshehe, rafiki yake tangu madrasa. Hakuwa mtu wa ugomvi. Hata wateja wakorofi aliwamaliza kwa utani na kipande cha nyongeza.

Siku moja mchana mkewe, Raudha, alimletea chakula akiwa amembeba binti yao Nusaiba, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaota meno. Farhan alikuwa ameshika kisu. Ghafla akaona, wazi kabisa, kisu kile kikizama kwenye shingo ya mtoto. Akakitupa sakafuni.

"Vipi tena?" Raudha akauliza.

"Kimeniteleza tu."

Tangu hapo picha ile ikawa inarudi. Hakuitaka. Nyumbani alikusanya visu vyote akavifungia kabatini. Akalivuta kufuli kuhakikisha, akaenda zake, akarudi kulivuta tena, mpaka vidole vikachubuka. Akaacha kumpakata mtoto. Raudha akikata vitunguu, yeye anatoka barazani na kuikalia mikono yake.

Mama mkwe wake alisema ni wasiwasi wa shetani. Shekhe akaja akamsomea. Picha hazikukoma.

"Najua ni akili yangu hii," alimwambia Raudha, machozi yakimtoka. "Ila siwezi kuizima. Wallahi sitaki kumuumiza mwanangu."

Masika ilipoisha, hata huko kujua kukamtoka. Wazo likapata sauti. Ilikuwa sauti nzito ya kiume, ikitokea nyuma ya friji la bucha, na ilimwita kwa jina lake: Farhan, mkono wako ushaamua.

"Umesikia?" akamuuliza Mwinshehe.

"Nisikie nini? Mzee, we mwenyewe unasikia njaa." Mwinshehe akacheka.

Farhan akakitazama kicheko kile, na tangu dakika hiyo akaamini kwamba Mwinshehe ndiye anayempandikizia zile picha kichwani. Sauti ilimwambia mkono ukiwa safi hautaua, basi akawa anausugua kwa sabuni ya unga na brashi ya nguo mpaka damu inachuruzika kwenye ndoo. Raudha alimbembeleza waende hospitali. Akakataa, akidai hata madaktari wamepangwa na Mwinshehe.

Ikafika Jumamosi, bucha imejaa watu wa adhuhuri. Sauti ikasema: Ukienda nyumbani kula utamkuta mtoto amelala. Leo ndiyo leo.

Farhan hakubishana nayo. Alilishika shoka kwa mkono wa kushoto, akaulaza wa kulia juu ya gogo la nyama, akapiga. Vidole vikaruka hadi kwenye mzani. Mama mmoja akaanguka pale pale alipokuwa amesimama. Farhan akanyanyua shoka apige tena.

"We Farhan! Acha!" Mwinshehe akamrukia.

"Usinisogelee! Ni wewe!"

Shoka likampata Mwinshehe begani. Farhan akatoka mbio kuelekea nyumbani, damu ikimmwagika, shoka bado mkononi. Moyoni alikuwa na furaha ya ajabu. Alitaka kumwambia mkewe kwamba hatari imekwisha.

"Mtoto!" alipiga kelele njia nzima. "Mtoto! Mkono umekwisha! Mtoto!"

Watu waliona damu, wakaona shoka, wakasikia neno moja tu.

"Kaua mtoto!" mtu akapaza sauti. "Kichaa kaua mtoto!"

Tofali la kwanza lilimpata mgongoni. La pili likampasua kichwa. Alipoanguka, walikuja hata waliokuwa wananunua muhogo, kila mmoja na alichookota. Walimpiga mateke mbavuni, wakamkanyaga ule mkono uliokatwa. Mwinshehe alifika, shati limelowa damu yake mwenyewe. Akamnyang'anya kijana mmoja nondo, akaishusha kwenye goti la rafiki yake. Lilivunjika kwa mlio ambao kila mtu aliusikia. Mwendesha bodaboda mmoja alikuwa tayari anavingirisha tairi bovu, mwingine ameshika chupa ya petroli.

Raudha alipenya katikati yao bila viatu. Hakulia. Alimnyanyua Nusaiba juu ya kichwa chake kwa mikono miwili, mtoto akipiga yowe.

"Mtoto huyu hapa!" alisema. "Muangalieni! Nani kauawa? Semeni, nani kauawa?"

Mwenye petroli akashusha chupa. Watu wakaanza kutazamana, halafu wakaanza kuondoka kama watu wasiojuana. Nondo ikamponyoka Mwinshehe mkononi.

Hospitalini, daktari aliyeitwa Kokuberwa alizungumza na Raudha polepole.

"Dada, kuna ugonjwa unaomletea mtu mawazo asiyoyataka, naye anajua ni yake. Kuna mwingine unamletea sauti, anaamini zinatoka kwa watu. Mumeo anayo yote mawili, yamechanganyikana. Kile alichokiogopa ndicho sauti ilichokishika."

"Angemuua mwanangu?"

"Alijikata mkono ili asimuue," daktari akasema. "Zaidi ya hapo sikudanganyi, sijui."

Dawa zilinyamazisha sauti kwanza, lakini kule kusugua mikono kukazidi, ikabidi daktari abadilishe tiba. Mwinshehe hakumshtaki. Alikuja mara moja, bega limefungwa, akasimama mlangoni mwa wodi.

"Shemeji, mie nilidhani kaua."

"Hata mie ningedhani," Raudha akajibu. "Lakini mie nisingempiga kabla ya kuuliza."

Mwinshehe akainamisha kichwa, akaondoka.

Sasa Farhan na familia yake wanaishi Kipawa kwa kaka yake Raudha. Anachechemea, na anasaidia kuuza mkaa. Kuna siku anamuuliza mkewe asubuhi nzima, "Sijamdhuru? Una hakika sijamdhuru?" Daktari alimkataza Raudha kujibu, kwa kuwa kila jibu linalisha wasiwasi. Hilo ndilo linalomshinda kuliko kuuguza.

"Unajua sitakujibu, baba Nusaiba."

"Nijibu mara moja tu."

"Hapana."

Jana Nusaiba alitambaa akampandia mapajani. Jasho likamtoka Farhan usoni, macho yakatafuta mlango. Raudha akakaa karibu yake. Farhan hakuinuka. Mtoto akalala, na yeye akabaki ameketi hivyo hivyo, akipumua kwa shida, mpaka mguu ukafa ganzi.