Ndala za Kijani

Foleni ya kliniki ya mifupa ilikuwa foleni ya ndala. Wagonjwa wenyewe walilala barazani chini, huyu kwa ubavu, yule kifudifudi, maana mgongo uliopasuka hauna urafiki na benchi. Ndala zao ndizo zilizopanda ghorofa ya tatu, zikapangwa ukutani kuanzia mlango wa nesi hadi kwenye ngazi. Zako zikifika mbele, unapanda mwenyewe. Kliniki ilikuwa imepangwa hivyo.

Mama Zege alikuwa mrefu, zamani. Alibeba karai tangu usichana wake hadi mvi, na jengo hilihili lilipita juu ya utosi wake, karai kwa karai. Sasa kidevu kimelala kifuani. Akitaka kumwona mtu usoni, humwomba achuchumae. Mwaka jana chafya tu ilimvunja ubavu.

"Mbele yako zimebaki za watu wawili, Mama," alisema mkwe wake, mke wa mwanawe, akihema kwa kushuka ngazi.

"Ungemwambia nesi anishushie hiyo sindano."

"Nimemwambia. Anasema akishuka kwako, kila mtu atataka ashukiwe. Kaniuliza, kwani mkweo mtume?"

Mwezi uliopita zamu ilimkuta palepale chini, ikampita. Daktari alishamwonya: sindano hii ikipitiliza wakati wake, uti wa mgongo unaporomoka kama ukuta wa udongo uliolowa.

Mama Zege akajikaza kisabuni, akajikokota hadi kwa mlinzi aliyekalia kiti mbele ya lifti.

"Baba, nipandishe."

"Nikikupandisha, Mama, kibarua changu kinaota nyasi. Lifti ni ya wakubwa na maiti."

"Mimi je, nisubiri lipi?"

"Ukubwa ndio umeshakupita."

Baraza nzima ilicheka huku imeshika mbavu zake. Hata Mama Zege alicheka, kidogo, kwa tahadhari.

Mkwe alivua viatu, akainama. "Njoo mgongoni, Mama."

"Mkwe anibebe? Aibu hiyo nitaiweka wapi?"

"Iache hapa chini. Tutaichukua tukirudi."

Ghorofa ya kwanza wakaipita. Ya pili wakaipita. Walipobakiza ngazi chache, mzigo ukaanza kuteleza, na mkwe, aliyelea watoto wanne mgongoni, akafanya kama mikono yake ilivyozoea: akamrusha juu kidogo, ili akae vizuri.

Ka!

"Mama, nini hicho kimelia?"

"Viatu vyako. Twende."

"Mimi niko pekupeku, Mama."

Mama Zege aling'ata ncha ya mtandio. Akilia, watamrudisha chini kwa majeruhi, na sindano itampita tena. Lakini miguu, ambayo dakika moja kabla ilikuwa ikimuuma, haikumuuma tena. Haikuwepo. Mkwe akamlaza sakafuni, kwenye kona ya ngazi.

Juu, nesi aliita. "Ndala za kijani! Mwenye ndala za kijani!"

"Nipo!" alijibu. Sauti ilitoka ndogo kama ya kifaranga.

Mkwe alipanda mbio. "Dada, yuko hapo tu kwenye ngazi! Amevunjika! Njoo umchome, nakuomba."

"Amevunjika?" Nesi hakutoka mlangoni. "Basi si wangu. Kliniki hii ni ya kuzuia watu wasivunjike. Aliyekwisha vunjika mpeleke chini. Anayefuata!"

Mkwe akaangua kilio. Mlinzi akapanda taratibu, akachuchumaa, akaweka kiganja mbele ya pua ya Mama Zege. Kwa mara ya kwanza siku ile, mtu alimwangalia usoni bila kuombwa.

"Bado anapumua," alisema mlinzi, akarudi kwenye kiti chake.

Pale alipolala, Mama Zege aliweza kuona mkia wa foleni. Msamaria mmoja, asiyetaka zamu ya mwenzake ipotee, alikuja na ndala za kijani mkononi, akazipanga nyuma ya zote, akazinyoosha vizuri, ncha zikielekea mlangoni.