Kivuli Upande wa Taa

Pamba mkononi mwa fundi ilikuwa imeshalowa dawa. Hicho ndicho alichokiona kwanza yule msichana wa usafi alipoingia kanisani na ndoo yake.

Fundi wa kusafisha picha za kale alikuwa juu ya ngazi, mbele ya picha ya Kuzaliwa kwa Bwana: mama ameinamia mtoto aliyelala horini kushoto kwake, na Yusufu amesimama kulia kwao, ameshika taa. Chini ya ngazi alisimama shangazi yake msichana, mwenyekiti wa akina mama. Fundi alikuwa akimweleza kwamba lile doa jeusi kwenye ukuta uliochorwa nyuma yao, kati ya mama na taa, ni moshi wa mishumaa. Kivuli, alisema, huikimbia taa, hakiiendei. Basi huo ni uchafu, na atauondoa sasa hivi.

Shangazi akaitikia. Msomi akishasema, nani abishe?

Msichana alideki mahali pamoja mara tatu. Kwa miaka sita, kila Jumamosi, ndiye aliyeifuta picha ile vumbi. Mishumaa hukaa kushoto, na moshi wake huacha weusi kwenye kitambaa. Lile doa halijawahi kuacha chochote. Tena lina shingo iliyoinama, na ncha ya mtandio.

"We, utatoboa sakafu," shangazi akamwambia. "Umeingiwa na siafu?"

Akajibu kwamba hakuna kitu. Tangu alipoacha shule darasa la nne, jibu lake lilikuwa hilo hilo.

Fundi akanyoosha mkono. Pamba ilibakiza upana wa kidole kuligusa doa.

Msichana akarudi nyuma, akaikumba ndoo, maji yakatambaa hadi kwenye ngazi. Fundi akageuka.

"Shangazi, mwambie asifute," msichana akasema.

"Mwambie mwenyewe. Mdomo si unao?"

Akaeleza habari ya kitambaa, ya mishumaa, ya mtandio, akiyasemesha maji pale sakafuni. Fundi akaitazama picha kwa muda mrefu. Kisha akaitupa pamba kwenye kopo.

"Haya, ni kivuli cha mama. Mbona basi kimeangukia upande wa taa?"

Msichana akainua uso.

"Taa inawaka, fundi, ila imezidiwa. Mwanga unatoka kwa mtoto."