Mwenye Uso na Mwenye Alama

Ukinunua kopo la dawa yetu ya viatu, uso utakaouona kwenye kifuniko ni wangu. Masharubu ni yangu. Koti si langu. Nililiazima kwa jirani siku ya kupiga picha, na kwa kuwa lilinibana, mpiga picha aliishia kifuani ili watu wasijue kuwa vifungo havifungi. Chini ya uso pameandikwa BWANA MKUBWA. Jina hilo nililichagua mwenyewe, hakuna aliyenishikia fimbo.

Nisikufiche: dawa yenyewe hutengenezwa na mke wangu. Yeye ndiye anayeyeyusha nta ya nyuki, anayejua moto uwe kiasi gani, lini atie mafuta na lini atie rangi. Mimi nilikuwa meneja. Kazi ya meneja, kwa jinsi nilivyoielewa, ilikuwa kukaa karibu na mlango wa karakana, kupokea wageni na kusema "sisi hapa."

Miaka sita iliyopita tuliamua kusajili alama yetu ya biashara, yaani lile jina na huu uso, ili mwingine asije akavitumia. Ilibidi mtu aende kupanga foleni ofisi ya msajili. Mimi na foleni hatupatani, nikamtuma mke wangu. Akaniomba kitambulisho changu, maana alisikia wanakihitaji. Nikamjibu maneno ambayo wakati ule niliyaona ya hekima kabisa: "Kitambulisho cha mwanamume hakitembei bila mwenyewe." Akanitazama, akachukua mkoba wake, akaenda.

Alirudi na bahasha baada ya wiki kadhaa za kwenda na kurudi. Nikachungulia ndani, nikaona muhuri mwekundu na masharubu yangu, nikakimbilia kwa fundi wa fremu. Fremu ya dhahabu. Haya, ya rangi ya dhahabu, tusidanganyane. Nikakitundika cheti juu ya mlango wa karakana, juu kabisa, ili mgeni alazimike kuinua shingo. Nikanunua na kijifimbo cha kukionyeshea. Kukisoma? Mtu asome cheti chake mwenyewe ili iweje?

Mwaka huu akaja mnunuzi kutoka ng'ambo. Alipaka dawa yetu kiatu kimoja, akakilinganisha na cha pili, akasema anataka makatoni elfu mbili, na mengine kila baada ya miezi mitatu. Mke wangu akashika ukingo wa meza. Kwa oda ile tungehama kutoka kwenye banda letu linalovuja, ambalo mvua ikinyesha anafunika sufuria ya nta kwa mwavuli. Lakini mnunuzi alikuwa na sharti. Kabla ya Ijumaa jioni aone ushahidi kwamba tumeomba kusajili alama yetu katika nchi tatu anazouza. Kule kwao kuna mtu ameanza kuchapisha makopo yenye uso kama wangu. Akitutangulia, dawa yetu itazuiwa kuingia, na uso wangu utakuwa mali yake.

Nikaenda kwa wakili, binti mpole mwenye miwani mikubwa. Alinieleza vizuri, sikio langu ndilo lililokuwa safarini. Huhitaji kwenda nchi moja moja, alisema. Unajaza ombi moja, linapitia kwa msajili wa hapa nyumbani, na humo unataja nchi unazotaka. Ombi hilo linasimama juu ya usajili wa nyumbani. Kwa miaka mitano ya kwanza, huu wa nyumbani ukianguka, ule wa nje unaanguka nao.

"Kwa hiyo mwombaji lazima awe yule yule aliyemo kwenye cheti," akamalizia. "Umekuja na nakala, mzee wangu?"

"Nakala ya nini? Cheti hicho nalala nacho, naamka nacho. Andika mimi."

"Ningependa kukiona kwanza."

"Binti, tazama kopo. Haya, nitazame mimi. Unataka ushahidi gani tena?"

Akaandika. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara.

Alhamisi asubuhi akanipigia simu: ombi limerudishwa, mwombaji siye mwenye alama. Lo! Nilifika ofisi ya msajili kamba za viatu zikiburuta, nikapita foleni nzima kama sikuiona, nikalitua kopo juu ya kaunta kwa kishindo. Karani alikuwa mama wa makamo, asiye na haraka.

"Huyu ni nani?" nikamuuliza.

Akatazama kopo, akanitazama. "Ni wewe. Umenenepa kidogo."

"Sasa ombi langu limerudishwa kwa nini?"

Akanigeuzia kompyuta yake. Mbele ya neno "Mmiliki" palikuwa na jina la mke wangu. Majina yote matatu, mpaka la babu yake. Chini yake, masharubu yangu.

"Futa hilo!" nikasema. "Tuanze upya!"

"Ukifuta usajili wa hapa, maombi ya nje hayana pa kusimama. Na kuanza upya ni miezi." Akanirudishia kopo. "Baba, anayeomba ni mwenye alama. Picha haiombi."

Foleni yote ikacheka. Mlinzi naye, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, akageukia ukutani.

Nilipita kwa wakili, nikiwa mdogo kama kidonge cha piriton. Hakunisuta, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Akanipa karatasi mbili. Moja ilikuwa ya mke wangu kunihamishia mimi alama. Ya pili ilikuwa ombi lile lile la nchi tatu, lakini kwa jina lake yeye. "Mkasaini mojawapo," akasema. Njiani nikaipanga ile ya kunihamishia ikae juu.

Nilipofika karakana nilichukua ngazi, nikapanda, nikasoma cheti kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Jina lake lilikuwa na herufi kubwa kuliko kichwa changu. Mke wangu akatoka ndani, mikono myeusi ya rangi.

"Hatimaye," akasema.

"Umenifanyia nini wewe? Miaka sita!"

"Shuka kwanza, utavunjika."

Nikashuka.

"Karani alitaka kitambulisho cha mwenye mali," akasema. "Nikamwambia mwenye mali hapangi foleni, na kitambulisho chake hakitembei. Akaniuliza, hiyo dawa anatengeneza nani? Nikamjibu ni mimi. Akasema, sasa mama, tabu iko wapi? Andika jina lako."

"Na ukaninyamazia!"

"Sikukunyamazia. Nilikupa bahasha nikakwambia, isome, kuna jambo. Ukasema fremu kwanza." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nikasema, leo atasoma. Kesho atasoma. Kila ukimwonyesha mgeni cheti kwa kifimbo chako, mimi nimesimama hapo chini ya jina langu, nangoja usome. Inauma, baba watoto."

Niliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopanda mpaka masikioni. Nikampa karatasi. Akafuta mikono, akaketi, akazisoma zote mbili taratibu mpaka mstari wa mwisho. Kumbe ndivyo karatasi inavyosomwa.

"Nikisaini hii ya juu, alama inakuwa yako?"

"Ndiyo."

"Haya. Mnunuzi akikuuliza nta inatiwa rangi ikiwa imepoa kiasi gani, utamjibu nini?"

Nikafungua mdomo. Debe tupu huvuma, wanasema, lakini mimi siku hiyo hata kuvuma nilishindwa. Sufuria ilikuwa ikichemka nyuma yake, na sikujua kama inachemka vizuri au vibaya. Nikaichukua ile karatasi ya juu, nikaikunja mara nne, nikaisokomeza chini ya mguu wa meza uliokuwa ukiyumba tangu mwaka juzi. Meza ikatulia. Akasaini ya pili.

"Nani ataipeleka kesho?" akauliza. "Nikiiacha nta, inaungua."

Nikainama, nikafunga kamba za viatu.

"Nitapeleka mimi," nikasema.

Akafungua mkoba wake, akatoa kitambulisho chake, akakiweka mkononi mwangu. Hakusema lolote kuhusu kitambulisho cha nani kinatembea na cha nani hakitembei. Alisema tu, "Shika." Nikakitia mfukoni mwa shati.

Ijumaa nilikuta watu kumi na wanne mbele yangu. Nikasimama nyuma ya wa kumi na nne. Nikasogea walipokuwa wakisogea. Zamu yangu ilipofika, alikuwa ni yule yule karani. Akalinganisha jina na cheti, akalinganisha na kitambulisho, akagonga muhuri wa kupokea, akanipa nakala. Ushahidi wa mnunuzi huo, na saa sita bado.

Kisha akainua peni. "Na wewe uliyeleta, nikuandike kama nani?"

"Mimi ndiye picha," nikasema. "Nimetumwa na mwenyewe."